Ndengu Zenye Majivu

Jumapili jioni, mwanzoni mwa Machi, Kiritiri. Joto limekazana tangu asubuhi, mawingu yamejikusanya upande wa mlima, lakini hakuna tone. Leo nitaandika yote hapa mtandaoni, hata yale niliyoambiwa niyaache Meru, kwa sababu nikiyabakiza nitayabeba hadi shuleni na sitaweza kusoma.

Mapumziko haya ya katikati ya muhula nilienda kumtembelea dada yangu, Wanja. Yuko mwaka wa pili chuo kikuu, anasomea ualimu, na amepanga chumba kimoja Kinoru, mjini Meru, nyuma ya uwanja wa michezo, pamoja na msichana wa Kianjokoma anayeitwa Igoki. Mimi niko kidato cha nne. Nilitaka kuona chuo, na nilitaka kujua wanafunzi huko wanakula nini, maana mwakani, Mungu akijalia, nitakuwa mimi.

Nilijifunza. Nitaanza na hayo kwa sababu ndiyo rahisi kuyasema.

Githeri, yale mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, hainunuliwi mchana. Unangoja jua lishuke, na mama wa sokoni akitaka kufunga anakujazia kikombe hadi kinamwagika. Kitunguu kimoja na nyanya iliyobonyea vinatosha kuikaanga. Ukikosa mafuta, unaponda parachichi juu yake. Majani ya nje ya kabichi, yale muuzaji anayobandua na kutupa, ukimwomba vizuri anakupa. Gesi ikikaribia kuisha unachemsha maji peke yake, unayamimina kwenye chupa ya chai pamoja na ndengu zilizolowekwa, unafunga, unaenda darasani. Ukirudi zimeiva, au karibu.

Hiyo ya mwisho Wanja alinieleza tu. Hakunionyesha.

Jioni nilipofika alipika githeri, akanipakulia sahani iliyojaa. Igoki akapata kidogo. Wanja alisema yeye amekula chuoni. Nilimaliza yote, nikaomba nyongeza, na nikapewa.

Niliona kwamba sketi yake imebanwa kiunoni kwa pini.

Jana asubuhi alienda kuchota maji kwenye mfereji wa ploti, hizo nyumba wanamopanga, akaanguka. Hakupiga kelele, tulisikia ndoo. Nilimkuta ameketi kwenye matope akinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu. Tulimwingiza ndani, Igoki akamkorogea uji na kukung'utia humo sukari yote iliyobaki. Alipopata usingizi, Igoki aliniita nje.

"Amenikataza kukwambia," alisema. "Lakini mimi ndiye niliyemletea huyu msichana shida, kwa hivyo nitasema."

Wanja alirudi chuoni Januari na gunia dogo la ndengu. Hilo nalijua, nilimsaidia kulishona. Mvua ilikuwa imekatika mapema, tulivuna kidogo, na mama akagawa: nusu chakula cha Wanja hadi muhula uishe, nusu mbegu ya Machi. Zote alizichanganya na majivu yaliyochekechwa ili wadudu wasiziingie. Huku kwetu ni kawaida. Unapepeta, unaosha vizuri, unapika. Hakuna mtu anayehitaji kuelezwa.

Kwa kina Igoki ni baridi na mashamba ya chai, na mahindi huhifadhiwa kwa dawa ya dukani. Dawa hiyo ni unga wa kijivu. Tangu utotoni ameonywa kwamba ukila mahindi hayo kabla ya wakati wake, utazikwa.

"Siku moja Wanja akiwa darasani nilifungua gunia nimpikie, akirudi apate chakula tayari," Igoki alisema. "Mkono ukatoka wa kijivu hadi kwenye kiwiko. Nikasema, ngai, Mungu wangu, huyu ametumiwa sumu na mama yake mwenyewe. Nikabeba gunia zima zima nikamwaga kwenye shimo la taka."

"Hukungoja umuulize?"

"Wewe ungekuwa mimi, ungengoja? Nilikuwa namwokoa."

"Naye alisemaje?"

"Aliniuliza, 'Igoki, kwenu hamna jiko? Hujawahi kuona majivu?' Akacheka mpaka akalia. Halafu kicheko kikaisha na machozi hayakuisha."

Alinionyesha lile shimo. Maji machafu ya ploti yanapita hapo, na baadhi ya ndengu zilikuwa zimeota, vijani viwili viwili kati ya karatasi za nailoni na nepi. Kuku wa mwenye ploti walikuwa wakizimaliza.

Tangu siku hiyo Igoki anagawana na dada yangu viazi na unga anaoletewa kutoka kwao. Lakini chakula hicho kilipimwa kwa tumbo moja. Sasa wote wawili hula mara moja, jioni, na siku ambazo sufuria haitoshi, Wanja husema amekula chuoni.

"Hajakula chuoni hata siku moja," Igoki alisema. "Na kuna lingine. Ameongea na mwenye hoteli fulani mjini. Anataka kuahirisha masomo aoshe vyombo huko. Wiki hii."

Nilitaka kumkasirikia Igoki. Nilijaribu. Lakini ana mashavu yaliyobonyea kama ya Wanja, na alichomwaga alikimwaga ili rafiki yake asife.

Wanja alipoamka alitutazama kwa zamu. "Igoki ni redio," alisema. "Haina hata mahali pa kuzimia."

Igoki alitoka nje, tukabaki wawili.

"Usimwambie mama," Wanja aliniambia.

"Kwa nini?"

"Kwani humjui? Atafungua debe la mbegu."

Namjua. Mama akisikia kwamba mtoto wake ameanguka kwa njaa, hatafikiria Machi wala Juni. Atazipepeta mbegu zote, azitie kwenye gunia, azipeleke Meru yeye mwenyewe. Kisha mvua itanyesha kwenye shamba tupu, na njaa iliyoko Kinoru itahamia hapa, kwa mama na kwa wadogo zetu.

"Na wewe utakula nini?" nilimuuliza.

"Kule hotelini wanakulisha."

"Na masomo?"

"Masomo hayana miguu. Nitayakuta."

Alisema hivyo akiutazama ukuta. Dada yangu anajua kufundisha. Nilipokuwa darasa la tano alinifundisha mashina ya vitenzi kwa punje za mahindi, punje moja kwa kila kiambishi, hadi leo sijasahau. Na namjua msichana wa hapa kwetu aliyeahirisha masomo hivyo hivyo. Huuza nguo za mitumba sokoni. Ni mtu mwema, na chuo hakitaji kamwe.

Leo mchana nimefika nyumbani, na kabla sijatua mkoba mama ameniuliza, "Ndengu zake zimefika wapi?"

Nikasema, "Zimepungua."

Amefurahi. Ameniambia kwamba Wanja tangu zamani anajua kula kwa mpango.



Sasa mama ameketi mlangoni na ungo. Ametoa mbegu kwenye debe anazipepeta, majivu yanarushwa na upepo na kumtua kwenye nywele. Mvua ikinyesha usiku huu, kesho alfajiri anapanda. Zikishaingia ardhini, hakuna wa kuzila wala wa kuzituma.

Nimewaza zigawanywe tena, nusu Meru na nusu shambani. Huenda mvua hii ikawa nzuri, na shamba nusu likatosha. Naamini inawezekana. Lakini hata Oktoba tuliamini, na nusu ya kidogo nitakayoiomba ni chakula cha watu walioketi hapa nyuma yangu wakingoja uji. Wanja aliniomba jambo moja tu, nami nilimwitikia kwa kichwa.

Kesho narudi shuleni, na simu hii ninayoandikia itabaki na mama. Kwa hivyo nakuomba wewe unayesoma, hasa kama uliwahi kusoma chuo ukiwa na njaa na ukawaficha watu wa kwenu: ungetaka mdogo wako aseme, au anyamaze? Nijibu leo, mbegu zingali kwenye ungo.