Taji la Majani

Butembo, tarehe 7 mwezi wa pili 1999

Mjukuu wangu Kakule,

Salamu nyingi. Sisi hapa ni wazima, isipokuwa goti langu. Wewe je, unakula, unalala vizuri?

Kosa la watu wengi wanaosoma habari za Roma ya kale ni kudhani kwamba sifa kuu kuliko zote alipewa aliyeua wengi. Naona umelibeba kosa hilo mpaka Beni, maana mama yako Gracieuse ananiambia umeingia uaskari.

Nakukumbuka ukiwa na miaka saba. Ulijifunga kitenge cha nyanya yako, ukajipaka udongo mwekundu usoni kama jemadari wa Roma siku ya kushangiliwa, ukasimama juu ya chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao wa magurudumu mawili. Kaka zako watatu walikuwa farasi. Mliteremka kilima mpaka ndani ya maharage ya jirani Anne-Marie, naye akawafukuza na mwiko. Nilicheka mpaka machozi. Ule ulikuwa mchezo, Kakule. Rudi.

Babu yako,
Esdras


Beni, tarehe 2 mwezi wa tatu 1999

Koko,

Jambo sana. Miye niko muzima. Goti yako inaendelea aje? Mama asilie.

Koko, weye mwenyewe ulitufundisha: Baroma waliita batoto Kwinto, Seksto, wa tano, wa sita, sawa vile siye Banande tunaita mutoto wa ine, nyuma ya batatu, Kakule. Lakini Butembo kila parcelle, kila nyumba, iko na Kakule wake. Ukiita kwa soko, nusu ya soko inageuka. Huku hapana mutu ananiita vile. Naitwa Kaisari, na Kaisari ni mumoja tu. Siku moja nitaingia Butembo juu ya jeep, na utasimama pa rond-point, katikati ya muji, kuniona.

Mujukuu wako,
Kaisari


Butembo, tarehe 20 mwezi wa tatu 1999

Kakule,

Tunakusalimu sote. Goti limepoa kidogo. Pa rond-point nitasimama, hata ukipita kwa miguu.

Lakini somo lile hatukulimaliza. Ulikuwa na haraka ya kupanda chukudu. Roma ilikuwa na taji la dhahabu kwa askari wa kwanza kupanda ukuta wa adui. Juu ya hilo lilikuwapo taji la majani. Jemadari hakuweza kumpa mtu. Lilisukwa na wale waliookolewa, kwa majani ya pale pale walipokuwa wamezingirwa wakingoja kufa. Lilinyauka upesi, na bado ndilo lililoipita dhahabu. Fikiri kwa nini.

Babu yako,
Esdras


Mbau, tarehe 11 mwezi wa kumi na moja 1999

Koko,

Unisamehe kunyamaza. Uko hai? Mama yuko hai? Miye niko hai, lakini muguu ilipigwa risasi.

Tulitumwa kuchoma kijiji kimoja nyuma ya Mbau. Nikatangulia mbele ya wenzangu, nikaambia batu: kimbieni, tunakuja kuchoma. Wenzangu bakaona, bakanipiga. Bamama bale bale ba kijiji banarudi kunichukua. Banalalisha miye juu ya chukudu, banafunika na majani, banasukuma mpaka kwa barrière ya baaskari.

"Ni nini hii?"

"Ni chakula ya mbuzi, afande."

"Mbuzi yenu inakula kuliko miye."

Chini ya majani nililia na kucheka, Koko, nikikumbuka somo yako.

Niko hapa Mbau kwa mama Hadassa, mumoja wa bale bamama. Hapana mutu aliuliza jina, na miye sikusema. Nilitoka nyumbani kutafuta jina, sasa naona haya kurudi bila. Mutanipokea?

Mujukuu wako


Butembo, tarehe 18 mwezi wa kumi na moja 1999

Kakule wangu,

Sote tu hai. Mama yako alisoma barua yako akiwa amesimama, kisha akaenda kupika kama tuna wageni.

Jina ulilolikimbia lina maana kwamba wapo watatu waliokutangulia. Hao watatu wameondoka asubuhi hii na chukudu, ile ile ya zamani, na magurudumu mapya. Barua hii itawatangulia katika lori la dereva Maliro. Hawamjui Kaisari yeyote. Wakifika Mbau wataulizia Kakule, nyumba kwa nyumba.

Leo hii, mwambie mama Hadassa jina lako.

Babu yako,
Esdras