Betri Chini ya Dramu

Baba Mwende,

Sauti uliyonitumia Jumanne nimeisikia. Niliirudia nikiwa bandani, nikaongeza sauti ya simu ili nguruwe nao wasikie jinsi mtu anavyoweza kukosa haya. "Niaje Mama Mwende. Kuna wageni nataka kuwaleta waone ile project yangu. Nisafishie hapo kidogo." Yangu! Mwende alikuwa na kikohozi ukiondoka na hukuuliza kama kiliisha. Umeuliza habari za madramu. Basi nakujibu kwa maandishi, na nakala naiweka kwenye grupu la simu la majirani wa ploti, kwa sababu uongo wako uliuonyesha mbele ya watu na mimi sioni kwa nini ukweli uende kwa siri.

Unakumbuka vijana wa chuo walivyokuja kutufundisha sisi wafugaji kwenye ukumbi wa kanisa, hapa mtaani Reuben? Ulikaa mstari wa mbele ukasinzia mdomo wazi. Walieleza kwamba kwenye matope na kinyesi kuna bakteria wasiohitaji hewa, kwamba wakila uchafu maji yanasafika na wanatoa umeme kidogo, na kwamba makaa yaliyofukiwa ndani ya dramu, chini kabisa, yanaupokea, waya unaupeleka juu kwenye makaa mengine yanayoguswa na hewa. Hayo yote uliyakoromea. Walipowasha kile kibalbu chekundu, kidogo kama punje ya hindi, ukaruka kama mtu aliyeitwa jina. Hapo ningekujua, lakini nilikuwa mkeo, na mke huona anachotaka.

Na tulijenga vizuri, hilo sikunyimi. Ulileta madramu ya bluu ya kupitishia maji ya banda, kutoka kule ulikokuwa ukiendesha lori. Tuliponda makaa uani mpaka tukawa weusi wote wawili, Mwende akatukimbia akilia hatujui, nawe ukamfukuza ukijifanya zimwi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Siku hiyo nilikupenda sana, na leo nikikumbuka naona uchungu wa kuupoteza upendo mzuri kwa mtu wa namna yako.

Taa iliposhika uliita ploti nzima. "Imeshika! Mama Mwende, imeshika!" Mimi nilikuwa nimeinama kwenye bomba la mwisho, natazama maji. Yalikuwa yameingia meusi na mazito, yakatoka rangi ya chai ya rangi, na harufu imepungua. Nilikuita uje uone. Ulisema unakuja. Ulikuwa unatafuta pembe nzuri ya kujipiga picha na balbu.

Mimi nilikuwa na sababu ya kutazama maji, na wewe uliijua. Mtaro wetu wa kokoto unapita hatua chache tu kutoka mlango wa Mama Zuhura, anayepika mahamri ya kuuza. Ni Mwislamu, na sisi tunafuga nguruwe. Ni jirani gani mwingine angevumilia? Nilimpa neno langu kwamba maji ya banda yatasafishwa, yataingia ardhini kwenye mtaro, na tone halitafika kwake. Akalikubali neno langu. Lako hakuliomba, na sasa naona alikuwa na akili kuliko mimi.

Kisha wakaja wageni wako wa kwanza, wa kuja kuona taa ya madramu. Uliazima koti la kaka yako, mikono ikakupita mpaka vidoleni. Mimi nilienda kuchota maji, na kurudi nikakuta ua mzima unanuka dawa ya choo. Kwetu mgeni hapokelewi mpaka nyumba inuke dawa, ndiyo heshima tuliyolelewa nayo. Wewe heshima hiyo uliipeleka ndani ya madramu. Chupa nzima kila dramu!

"Umefanya nini, Baba Mwende?"

"Nimepiga dawa kidogo tu. Wageni wakiskia hii harufu si wataishia, waende zao?"

"Hao wadudu ndio kazi yenyewe! Umewaua!"

"Wadudu ni wadudu. Watarudi."

Ulitunga usemi huo ukiwa na dawa mkononi, dawa iliyoandikwa kwenye chupa kwamba inaua. Balbu ikaanza kufifia tukiitazama, ikazima wageni wakiwa wanavuka daraja kuja kwetu. Mtu mwingine angesema imeharibika. Wewe uliingia ndani, ukang'oa betri kwenye redio yangu, ukazisukuma chini ya dramu na kuunga waya. Balbu ikawaka kali. Haikuwahi kuwaka vile, na yeyote aliyeishi nayo angejua ni uongo. Wageni wakapiga makofi. Nilikuambia sikioni utoe hizo betri, ukanijibu huku umekenua meno kwa kamera: "Tulia bana. Watu wamefurahi."

Ukaondoka na watu waliofurahi. Tukaanza kuona picha zako kwenye hoteli, kitambulisho shingoni, maji ya chupa mezani, "Injinia" mbele ya jina. Injinia wa nini, Baba Mwende? Wa betri za redio? Siku za mwanzo ulipiga simu kueleza umelala kitanda cha namna gani. Baadaye hata hilo ukaacha. Hukuniuliza maji yalienda wapi.

Nitakuambia yalikoenda. Yalipita madramu kama yalivyotoka bandani, mazito, yakaziba kokoto, mtaro ukajaa. Asubuhi moja, katikati ya mfungo wa Ramadhani, nilimkuta Mama Zuhura amechutama mlangoni anaosha kizingiti. Aliosha mara saba, moja kwa udongo, kama dini yake inavyomtaka mtu akiguswa na najisi ya nguruwe. Ana magoti mabovu yule mama, na alikuwa amefunga. Nilitaka kumsaidia, akanizuia kwa mkono.

"Mama Mwende, mimi na wewe tumekaa vizuri miaka yote. Lakini haya si maneno tuliyokubaliana. Nakupa mpaka Idi. Yakija tena hapa, itabidi niende kwa chifu, na hao nguruwe watoke."

Hakupaza sauti. Afadhali angenitukana. Nguruwe wakitoka, mimi na Mwende tunakula nini? Nani anamsomesha, balbu?

Nilizitoa betri zako, nikamwaga yaliyomo madramuni kwa ndoo, nikayabeba mbali. Nikasuuza makaa. Nikateremka bondeni kuchota matope meusi, yale ya chini yasiyoona hewa, nikaanza upya, nikiwalisha wadudu wake kidogo kidogo kama mtoto anayetoka hospitali. Kokoto nilizitoa moja moja nikaziosha. Balbu ilikaa giza siku nyingi, na niliogopa, nakuambia waziwazi. Waliopita waliniuliza, "Injinia hayuko?" Nikainama tena kwenye bomba.

Kisha asubuhi moja Mwende akaniita. Kwenye kona ya banda, pale penye giza, kulikuwa na kidoti chekundu, dhaifu, mpaka uinamishe kichwa ndipo ukione. Nililia. Baada ya muda maji yakarudi rangi ya chai, mtaro ukaanza kunywa, na mlango wa Mama Zuhura ukabaki mkavu. Siku ya Idi alimtuma mjukuu wake na sahani ya mahamri, imefunikwa kitambaa. Nguruwe wako hapa.

Nimejifunza pia ile balbu ni ya nini. Haiwezi kumulikia mtu njia. Lakini wadudu wakishiba inang'aa, wakiumwa inafifia, nami nakimbilia mtaro kabla haujafurika. Inanipa habari za maji nisiyoweza kuyaona ndani. Kitu pekee hapa nyumbani ambacho kazi yake ilikuwa kusema kweli, wewe ulikifanya kidanganye.

Kwa hiyo, kuhusu wageni wako. Walete. Sitasafisha chochote, na ukionekana na chupa ya dawa utairudisha dukani kwa miguu yako. Utaanzia kwa Mama Zuhura, umwombe radhi mbele yao, umwambie ni nani aliyemchutamisha pale. Ukimaliza, ndipo uwaingize bandani. Madramu nimeyajengea kwa saruji, chini hapaingii hata kidole. Wakikuuliza hao wadudu wanafanyaje kazi, waambie wanakula uchafu wa nyumba hii kila siku bila kupigiwa makofi, na wageni wakiondoka, wao wanabaki.

Najua hutakuja. Kikohozi cha Mwende kiliisha.

Aliyebaki na madramu,
Mama Mwende