Pakiti Iliyoandikwa "Chumvi Kidogo"

Jumamosi, Julai. Manyunyu tangu asubuhi.

Nimerudi Embu sasa hivi kutoka Nkubu, Meru, kwa mama. Wiki hii kliniki walimpima presha wakakuta imepanda tena, na nesi akamgombeza mbele ya foleni nzima kwamba anakula chumvi kwa siri. Mama yangu, kiongozi wa akina mama kanisani, kuitwa mwongo mbele ya majirani!

"Chumvi yote nilipea ng'ombe," aliniambia huku machozi yakimlengalenga. "Githeri naweka tu hii yenu. Kendi, si uende na mimi kliniki Jumanne umwambie huyo nurse? Wewe ndio unajua mambo ya chakula."

Akanionyesha pakiti ya unga wa mchuzi wa kiwanda ninachofanyia kazi. Imeandikwa "Chumvi Kidogo" kwa herufi za kijani. Akatia vijiko vitatu kwenye sufuria ya mahindi na maharagwe, vimejaa pomoni.



Mwaka jana viwanda viliahidi kupunguza chumvi kwa hiari. Yaani hakuna faini wala mtu wa kuja kupima, unajaza fomu mwenyewe. Kwetu tulijaribu kweli, wiki mbili hivi, lakini waonjaji wakasema mchuzi umepooza na bosi akaogopa kupoteza wateja. Ndipo mimi, niliyesomeshwa kwa kahawa ya huyu mama, nikasimama mkutanoni nikasema: tusiguse unga, tubadilishe kipimo. Pakiti ilikuwa inasema mlo mmoja ni kijiko kizima. Tukaandika nusu kijiko. Chumvi ya kila mlo ikapungua nusu kwenye karatasi, na ndani ya pakiti haikutoka hata punje.

Walinipigia makofi. Kulikuwa na keki, na niliila.

Ptuu! Ni nani Meru nzima anayepika githeri kwa nusu kijiko? Nilijua hilo siku ile ile. Nimelelewa kwenye jiko lile, sina hata kisingizio cha kutojua.

Leo kabla sijaondoka niliitia ile pakiti kwenye mkoba wangu, nikamwambia mama imeharibika. Uongo juu ya uongo. Hata huo ulinitoka bila kigugumizi, na hilo ndilo linalonitia aibu zaidi.

Nikiwa naandika hapa, amenipigia simu, sauti imechangamka.

"Kendi, usijali ile iliharibika. Nimenunua zingine mbili hapa dukani, si lazima tusupport kazi yako."

Nimesema asante. Asante! Kisha nikakata simu.

Sitaki kulilalia hili. Sina hakika kama Jumatatu nitakuwa bado na kazi nikishamwambia bosi ninayotaka kumwambia, lakini hayo ni ya Jumatatu. Nimempigia mama tena, simu yake inaita sasa, na maneno ya kwanza ninayo: mama, hukumdanganya nesi. Mimi ndiye niliyekudanganya.