Koti la Turbo

Jumanne, 6 Mei 2025

Saa nane mchana. Sitara kalala, ndiyo napata kuandika.

Idrisa kaja na mzigo kutoka gereji, kauweka juu ya cherehani, anacheka peke yake. Kitambaa cheupe, kigumu, kinang'aa kama kimemwagiwa sukari. Fiba, anasema, na pamba yake ya kujaza ndani. Nyuzi zake ni kioo. Nikamwambia, Baba Sitara, kioo kinashonwaje? Akasema ndiyo maana nimemletea fundi.

Kazi ni hii. Gereji kuna gari la turbo, la kijana mmoja wa Kihindi wa Upanga, anaitwa Nirav. Turbo yenyewe Idrisa kanieleza kwa kikombe cha uji cha mtoto, anakizungusha mezani. Ni feni mbili kwenye mhimili mmoja. Moshi wa injini unaizungusha ya kwanza, ya pili inaisukumia injini hewa. Na moshi ule ni moto! Gari likikimbizwa sana turbo inakuwa nyekundu kama kaa. Joto lote linabaki chini ya boneti. Mipira inakauka, waya zinapasuka, rangi inababuka. Gari la Nirav limeshabadilishwa mpira wa oili mara mbili.

Dawa yake ni koti. Turbo inavalishwa, joto linabaki ndani, linatoka na moshi huko nyuma badala ya kuunguza majirani. Ndivyo anavyosema — majirani! Makoti ya dukani hayaienei turbo hii. Fundi mkuu wao, Gaudens, ndiye aliyesema, si una mke mshonaji?

Mimi wa foronya na kaptula za shule. Leo nashonea injini. Nikamuuliza, na mimi koti langu lini? Akasema, wewe na joto hili la Kariakoo unataka koti la nini!

Kakata sampuli kwenye boksi la sabuni. Vipande vinne, kama vya kofia. Nimekaa naviangalia. Nimewaza kibao mlangoni: UMMY — MAKOTI YA TURBO. Nacheka mwenyewe.

Alhamisi, 8 Mei

Mikono inawasha! Fiba inaingia kwenye ngozi na huioni. Najifunga khanga puani, nashonea kibarazani ili vumbi lisimfikie mtoto. Nimeoga mara tatu leo.

Uzi wake si uzi. Ni waya mwembamba wa chuma, unapitishwa kwa mkono, tundu kwa tundu. Cherehani haiwezi. Idrisa alisema waya tu, pande zote nne. Pande tatu nilimaliza jana.

Halafu leo saa tano. Nimegeuka kuepua uji tu. Sitara katoka ndani mpaka kibarazani, kashika ncha ya waya. Nikasikia analia. Damu shavuni, chini ya jicho. Chini kidogo tu ya jicho! Nimemkumbatia, amenyamaza yeye, mimi bado nalia.

Waya nimeukunja, nimeutupa juu ya kabati. Siutaki karibu yake tena. Upande wa mwisho, wa chini, nimeumalizia kwa uzi wa nailoni, ule mweusi wa viatu. Uzi huu hapa Kariakoo unashona kila kitu. Mabegi, magodoro, viti vya bajaji, maturubai. Wapagazi wanabeba mzigo unaowazidi kimo na mshono haufunguki. Nimeuvuta kwa meno, wapi. Nimeupitisha mara mbili kwa uhakika.

Idrisa kurudi kaliona shavu la mtoto, koti hata hakuliuliza. Sikumwambia.

Jumamosi, 10 Mei

Nimeenda gereji na Sitara mgongoni kuona koti langu likivalishwa.

Limekaa! Kama soksi. Idrisa kainama ndani ya boneti muda mrefu, upande wa chini, sijui anatazama nini. Halafu kasema basi, sawa.

Kulikuwa na bati la kinga, linakaa kati ya turbo na mipira. Boliti zake mbili zimekatikia ndani. Idrisa alitaka kuzitoboa, kazi ya nusu siku. Gaudens akamwambia, koti lipo, bati la nini tena? Mteja huyo kashafika, funga boneti. Bati likabaki sakafuni.

Nirav kaja na mama yake, anaitwa Ranjanben. Mama mnene wa sari ya kijani, miwani kwenye kamba. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza wewe ndiye fundi wa koti? Kiswahili chake kinanishinda mimi! Kasema kazaliwa Mtaa wa Swahili, kacheza rede hapa hapa, mpira walikuwa wanatengeneza kwa soksi za baba yake. Akaliona shavu la Sitara. Nani kampiga mtoto? Nikasema kajichoma na waya, mama. Akasema mpake manjano, usimpake dawa ya meno, nawajua nyinyi.

Nirav kaenda mzunguko mmoja karudi. Kaweka kiganja juu ya boneti. Oya fundi, mbona baridi! Siku nyingine nakaanga yai hapa! Idrisa akamwambia, ukilikimbiza usilizime ghafla, liache lingurume dakika mbili turbo ipoe. Nirav akasema mbili zako, dakika za Bongo au za kweli? Wote tukacheka.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua tangu alfajiri. Idrisa kasema watu wawili wameuliza makoti. Wawili! Shavu la Sitara limekauka. Kaanza kusema "mama" akimaanisha mimi na si chakula.

Jumatano, 14 Mei

Idrisa hajaja kula mchana. Simu haipokelewi. Nikaenda gereji na mvua ile, nikakuta geti nusu limefungwa na Mudi, fundi mwenzake, kakaa juu ya tairi. Kaniambia shemeji, kaa kwanza. Sikukaa.

Gari la Nirav limeungua.

Mudi kanieleza hivi. Jangwani maji yamejaa, barabara imefungwa. Asubuhi Nirav alikuwa anatoka Mbezi na mama yake, kaja mbio mpaka pale kakuta foleni ya kugeuza. Kakaa dakika arobaini gari limesimama, injini inanguruma, upepo hakuna. Wakaona moshi. Kashuka kafungua boneti — moto ukapata hewa. Ukapita chini ya dashibodi, miguuni kwa mama. Mkanda haukufunguka upesi. Watu wa kwenye foleni ndio waliomtoa.

Yuko hai. Miguu na mikono. Kalazwa, hajaamka.

Polisi wamemchukua Idrisa saa sita. Gaudens kaondoka kabla hawajafika.

Sitara ananyonya hapa huku naandika. Yeye anacheka tu.

Alhamisi, 15 Mei

Nimepeleka wali na maharage kituoni. Askari wa kaunta kaniambia onja kwanza, nikaonja, ndiyo akapokea. Wakanipa dakika chache na Idrisa. Kavaa ile ile fulana ya gereji. Kasema, ni bati, Ummy. Niliacha bati. Nikamwambia uliambiwa na Gaudens. Akasema Gaudens kaja asubuhi kaandika maelezo kwamba siku ile hakuwepo.

Siku ile alikuwepo! Alimshika Sitara kidole.

Wakati natoka nimeliona. Juu ya meza ya mpelelezi, ndani ya mfuko wa nailoni. Koti langu. Jeusi, limelowa oili. Pande tatu zimeshikana na waya wake. Upande wa nne uko wazi, kama mdomo. Pamba yote ya ndani imetokea hapo.

Nilisimama. Askari akasema, mama, njia hii.

Ijumaa, 16 Mei

Nimewasha jiko la mkaa. Nimeshika kipande cha uzi mweusi kwa koleo, sikukigusisha kaa, nimekisogeza tu. Kabla sijahesabu tatu kimejikunja kikadondoka tone. Nikautia waya ndani ya kaa kabisa. Nimehesabu mpaka mia mbili. Waya umekuwa mwekundu, basi.

Nilivuta kwa meno. Meno! Joto sikuliwaza kabisa. Kazi yote ilikuwa joto.

Sijala.

Jumamosi, 17 Mei

Nimemwambia.

Nilijipanga njia nzima namna ya kusema, nimefika nimesema tu, ule upande wa chini nilishona kwa uzi wa viatu. Idrisa hakushtuka. Kaangalia mlango, kasema kwa chini, niliuona.

Uliuona?

Nilipokuwa nalivalisha. Niliuona uzi mweusi. Nikawaza nje hakupati moto sana, utashika. Na wewe ulikuwa umesimama pale na mtoto mgongoni, unatabasamu. Ningekwambiaje fumua?

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumshika mkono, tumetenganishwa na meza.

Kanieleza jinsi anavyofikiri ilikwenda, kama ananifundisha kazi. Uzi umeyeyuka, mdomo umefunguka, turbo ikauchoma mpira wa oili kwa sababu bati halipo. Oili ikadondokea pamba, pamba ikanyonya kama utambi. Gari likiwa linakwenda upepo unasaidia. Foleni ndiyo iliyomaliza.

Halafu kasema, wewe hujui kitu. Ukiulizwa, ulikata vipande tu, nimeshona mimi. Nikasema hapana. Akasema, Mama Sitara, mtoto ananyonya. Mimi humu naweza kukaa. Wewe huwezi.

Askari kasema muda.

Jumapili, 18 Mei

Baba yangu kapiga simu, kasema nyamaza kama mumeo alivyosema, huyo ni mwanamume. Mama kachukua simu kwake, nasikia anapumua tu.

Nimepeleka chakula kituoni, Idrisa kasema mpelelezi kamwambia kesho wanachukua maelezo ya mgonjwa akiwa kaamka, kisha faili linaondoka kwenda kwa mwanasheria wa serikali. Likishaondoka na jina moja ndiyo basi, ni lake peke yake. Uzembe uliosababisha majeraha. Na yule mama akifa, shtaka litabadilika.

Nimefua nguo zote. Hata zilizo safi.

Nawaza hivi. Wakisikia yote — uzi wangu, Idrisa aliyeuona, bati la Gaudens — huenda kila mtu atabeba kipande chake. Au watatuchukua wote wawili na Sitara abaki na nani? Bado nafikiri ipo njia ya kusema ukweli na kubaki na mwanangu. Sijaiona. Lakini nafikiri ipo.

Jumatatu, 19 Mei

Niko hospitali. Benchi la nje ya wodi, daftari liko gotini, Sitara bega la kushoto. Nimefika saa tatu. Nilitaka nimwone Ranjanben kabla ya polisi, nikamwambie yeye kwanza. Muuguzi kasema watoto hawaingii.

Nirav kanikuta hapa. Nyusi hana, ziliungua, mkono mmoja una bandeji. Nilifikiri atanifukuza. Kasema, dada, umekuja? Mama kaamka jana. Kauliza kama yule mtoto kapakwa manjano.

Nimeinama kufunga viatu vya Sitara. Vilikuwa vimefungwa.

Kakaa benchi linalotazamana na langu. Kasema wanatafuta ngozi ya kupandikiza mguu wa kulia, watachukua kwenye paja lake mwenyewe. Kasema hamlaumu Idrisa, anamlaumu kwa bati tu. Koti, anasema, koti lilikuwa zuri.

Nilifungua mdomo. Mpelelezi akatokea kwenye ngazi na faili lake kwapani.

Nikasimama mbele yake. Nikasema shikamoo afande, kabla hujaingia kwa mgonjwa uanze na mimi, mimi ndiye niliyeshona. Nilisema kwa chini. Nirav hakusikia, alikuwa na simu sikioni, anaongea Kigujarati na mtu. Mpelelezi kaniangalia, kamwangalia mtoto. Kasema, unajua unachokisema, binti? Nikasema najua. Kasema haya. Kaenda kwa wauguzi kuomba chumba na karatasi. Kaniambia tafuta mtu wa kumshika huyo mtoto, haya mambo hayaandikwi na mtoto mapajani. Itachukua muda.

Mtu gani? Hapa simjui mtu. Mama yuko Tanga. Nimempigia Mudi, hapatikani.

Nirav kakata simu. Kaona nahangaika. Kauliza, wanakuita? Nikasema ndiyo, afande anataka maelezo yangu. Hakuuliza ya nini. Anafikiri ni ya mke wa fundi.

Mlango wa kule mwisho umefunguliwa, mpelelezi ananipungia mkono na kalamu.

Nirav kaweka simu mfukoni. Kanyoosha mikono miwili, ule wenye bandeji nao. Sitara ananing'ang'ania shingo. Anasema mlete, dada, nenda tu, mlete kwangu —