Shimo Halina Neno

Baba Watoto, na nyinyi watoto,

Mfuniko wa shimo la choo una saruji mbichi, msiukanyage hadi jioni. Mafuta ya kukaangia yasimwagwe kwenye sinki.

Fundi wa gari la majitaka alikuja mkiwa mmeshatoka. Alipofungua akaniambia, “Mama, shimo halina neno. Bomba ndilo lililoziba.” Akaingiza waya, zikatoka tishu za kufutia vipodozi, ndoo nzima. Dada mkubwa, unazijua.

Na jana mezani tulitania kwamba shimo limejaa tangu Bibi aje. Hata mimi nilicheka. Fundi alipomaliza nikaenda mbio chumbani kwa Bibi kumweleza. Kitanda kimetandikwa, begi halipo; kumbe alitusikia. Jirani amemwona akielekea stendi.

~~Nimekwenda kumuaga.~~ Nimekwenda kumrudisha.

Chooni nimeweka ndoo yenye kifuniko. Tishu hizo, pamba na takataka zote ziingie humo.

Nikirudi naye, mtu asianze na habari za choo. Aanze na shikamoo, kisha amwombe radhi. Mimi nitakuwa nimeshamwomba njiani.

Mama