Herufi za Mama Araksi

Muscat, 9 Novemba 1965

Mjukuu wangu Rahila,

Salamu zetu zikukute unakula vizuri na unalala mapema. Tunapouliza afya yako hatuulizi kwa desturi tu, tunataka jibu. Mimi mzima. Magoti yananilalamikia, lakini yalianza kulalamika tangu Unguja, kwa hilo siwezi kuisingizia Muscat.

Kosa wanalolifanya wengi waliopoteza mji wao ni kudhani kwamba sasa wao ni wageni kila pahala, na kwamba mgeni mwema ni yule anayeharakisha kufanana na mwenyeji. Nnaogopa na wewe umelifanya. Tangu uende Beirut kusomea ualimu, khati zako zote zinakuja kwa Kiarabu. Kiarabu chenyewe kizuri, sijapata pa kutia kalamu yangu nyekundu ya ualimu. Lakini unamjua bibi yako Masouda. Kabila lake la hapa Oman, yeye kazaliwa na kukulia Unguja, na Kiarabu chake kinaishia kwenye sala. Majirani wanakuja na kahawa na tende, wanazungumza, naye anatabasamu mpaka mashavu yanamuuma. Mazungumzo yake ni khati zako.

Juzi nimemsomea ya mwisho, nikamtafsiria yote. Kasikiliza mpaka tamati, kisha akasema: "Hiyo sauti yako, Harub. Hiyo nnaisikia tangu nilipoolewa. Mimi nataka ya mtoto."

Moyo wake hauendi sawa. Tabibu wa Matrah kamkataza kupanda ngazi, na mengine aliniambia mimi peke yangu. Mwandikie kwa Kiswahili, mwanangu, angali anasikia.

Babu yako,
Harub


Beirut, 20 Februari 1966
(imekuja kwa Kiarabu)

Babu yangu mpenzi,

Nakubusu mkono, na wa Bibi. Nnakula, nnalala, na baridi ya huku nimeshaizoea.

Nisamehe kwa lile uliloniomba. Chuoni likiniponyoka neno moja tu la Kiswahili, wasichana wananiuliza kama ndivyo wanavyosema wapishi wetu. Nimeamua kukiweka pembeni mpaka nipate kazi na watu waniheshimu. Bibi atanielewa. Na wewe unatafsiri vizuri kuliko nnavyoandika.

Nnakaa kwa mjane wa Kiarmenia, Mama Araksi, mshonaji. Ukutani katundika kitambaa chenye herufi za lugha yao, zimetariziwa kwa uzi wa dhahabu, kama sisi tunavyotundika Ayatul Kursiyyu. Wajukuu wake hawapewi mkate wa asubuhi mpaka wazisome zote. Kiarabu wanakijua, na Kifaransa wanakijua. Hiki cha tatu cha nini? Jana mdogo wao kagoma, kaenda skuli na njaa. Babu, watu gani hawa?

Mjukuu wako,
Rahila


Muscat, 14 Aprili 1966

Mwanangu Rahila,

Tumefurahi kusikia baridi umeishinda. Bibi yako anakusalimu kutoka kitandani, ambako kakaa wiki hizi kwa hasira, maana hapendi kulazwa.

Umemuuliza swali la historia mwalimu aliyekosa darasa tangu mapinduzi ya mwaka wa sitini na nne. Basi kaa kitako, umejitakia.

Waarmenia ni watu wa milimani, na nchi yao ilikaa baina ya Warumi na Waajemi kama nafaka baina ya mawe mawili ya kusagia. Mwanzoni mwa karne ya nne mfalme wao aliingia Ukristo, kabla ya Warumi wenyewe kuufanya dini ya dola. Lakini tazama shida yao. Kanisani kilisomwa Kiyunani au Kisuryani, na ilibidi mtu asimame kuwafasiria watu kwa mdomo. Mama wa kijijini aliyatia moyoni maneno ya mkalimani. Ya kitabu chenyewe hakuyapata. Karne iliyofuata akatokea mtawa mmoja, Mesrop, akawatungia herufi thelathini na sita, kila sauti ya kinywa chao na herufi yake. Hizo ndizo zilizo ukutani kwako, pamoja na mbili tatu zilizoongezwa baadaye.

Haukupita muda, Waajemi wakataka waiache dini yao. Wakapigana mwaka 451, na uwanjani wakashindwa. Dini hawakuiacha. Baadaye tukaja sisi Waarabu, maamiri wakatoza kodi, mara kwa upole na mara kwa ukali. Kisha wakapata tena wafalme wao, wakajenga mji ukiitwa Ani. Watu waliuita mji wa makanisa elfu na moja, na mawe yake yalichongwa kwa ustadi ambao fundi wa milango ya Unguja angeuvulia kofia.

Ani ulitekwa na Waturuki Waseljuki mwaka 1064. Hesabu mwenyewe, mwanangu: miaka mia tisa kamili kabla ya sisi kufunga masanduku.

Wengi walitawanyika. Wapo waliofika pwani ya Kilikia, kaskazini ya hapo ulipo, na huko ukasimama ufalme mwengine mpaka mwaka 1375. Kila walipokwenda walizibeba zile herufi. Yaliyowafika karibuni sikuelezi mimi. Muulize mwenye nyumba wako, kwa upole, siku akitaka mwenyewe kusema.

Mtoto aliyekwenda skuli na njaa nnamuonea huruma. Lakini bibi yake nnamfahamu.

Babu yako,
Harub


Beirut, 3 Septemba 1967

Babu na Bibi yangu,

Shikamoo zenu. Mimi mzima. Vita vya Juni vilizuia posta, lakini kimya changu kilianza kabla, wala sivisingizii vita. Nimeanza khati hii kwa Kiswahili mara nyingi nikaichana. Maneno yalinikimbia, na nikaiogopa kalamu nyekundu.

Mama Araksi kanikuta nnaandika kwa Kiarabu, akauliza nnamwandikia nani. Nikamwambia bibi yangu. Akauliza kama Bibi anakijua. Nikasema hapana, babu humtafsiria. Akaiweka sindano chini.

"Binti, sisi tulichoka kutafsiriwa miaka elfu moja na mia tano iliyopita. Wewe bado tu?"

Kisha akanambia mama yake alimfia njiani, katika mwaka ule wa 1915 Waturuki walipowafukuza kwao, naye angali mtoto mdogo. Uso wake haukumbuki. Alichobaki nacho ni maneno ambayo mama alimtia mdomoni.

Bibi, haya yaliyobaki ni yako peke yako, Babu asiyaguse. Nimepika vitumbua, vimeungua. Wajukuu wa Mama Araksi wamevila vyote, na sasa kila wakiniona wanaimba "vimeungua, vimeungua." Nimekukumbuka mpaka nimelia, kisha nikacheka. Bado upo? Usiondoke kabla sijakufundisha hizi herufi zao.

Mjukuu wenu,
Rahila


Muscat, 25 Novemba 1967

Rahila mwanangu,

Haya ni maneno yangu mimi bibi yako. Babu yako leo ni kalamu tu, na nimemwambia asitengeneze kitu.

Nipo. Moyo unakwenda unavyotaka, na mimi nnakwenda nao.

Vitumbua vyako vimeungua kwa sababu una haraka. Chuma kishike moto kwanza, kisha upunguze, ndiyo utie unga. Nilikwambia hayo una miaka minane.

Nimekusikia. Nasriya wa jirani kaja kanikuta nnacheka peke yangu, akauliza kuna nini. Nikashindwa kumweleza, nikazidi kucheka, naye akacheka. Leo kaja tena, hakuuliza kitu, tumekaa tu.

Mwambie huyo mama herufi zake nimezipenda bila ya kuziona. Na huyo mdogo apewe mkate kwanza. Atasoma vizuri zaidi.

Babu yako anataka kuongeza habari za wafalme. Nimemkataza.

Bibi yako,
Masouda


Muscat, 30 Oktoba 1970

Mjukuu wangu Rahila,

Nnakuandikia nikiwa mzima, na picha ya mtoto wako iko mbele yangu. Mwenyezi Mungu amkuze. Umemwita Masouda. Mwaka wa pili huu tangu tumzike mwenye jina, na nilipolisoma sikuweza kumaliza kahawa.

Umeniandikia kwa Kiarabu tena. Umesema aliyekihitaji Kiswahili hayupo.

Nisikilize mara moja zaidi. Baada ya mwaka 1375 Waarmenia hawakuwa na mfalme wala mji. Waandishi wao wa vitabu waliendelea kunakili. Na mwisho wa kitabu, kwa desturi yao, mwandishi alitia maneno yake mwenyewe: kwamba nje theluji inaanguka, wino umeganda, jina la mama yangu ni fulani, nawe unayesoma mkumbuke. Mama keshafariki, mfalme hayupo. Alikuwa akimwandikia mtu ambaye bado hajazaliwa.

Hapa mambo yamebadilika. Tangu Julai, aliposhika Sultani mpya, malango ya Muscat hayafungwi tena usiku. Skuli za wasichana zinafunguliwa, na walimu wanatafutwa. Watu wetu wanarudi kutoka kila upande. Jana sokoni Matrah nimesikia mama anamgombeza mwanawe kwa Kiswahili cha Ng'ambo ya Unguja, nikasimama nikamsikiliza kama mtu anayesikiliza redio. Kuja au kutokuja mtaamua wewe na mumeo Mahfoudh. Mimi silazimishi.

Lakini hili halingoji safari. Leo, mtoto akiamka, mpakate, umwambie kwa Kiswahili Bibi Masouda alikuwa nani.

Babu yako,
Harub