Kibati Ambacho Hakijarudi Ubaoni

Nyumba ya kona,
Nyuma ya karakana ya matanga.
Jumanne, baada ya mashindano.

Mpendwa Kaka yangu,

Kabla sijasema lolote, niambie kwanza habari za mgongo wako. Umelegea, au bado unakukamata ukiinama kufunga viatu? Na wifi, presha imeshuka? Usinijibu "tuko salama" halafu basi, maana hayo ni maneno ya kumdanganyia mtoto. Sisi huku miili ni mizima. Kikohozi changu kimeondoka, limebaki goti, nalo nimelizoea kama mpangaji asiyetaka kuhama.

Mwandiko usiushangae. Mistari inapanda juu kama inakwenda mlimani, ndipo elimu yangu ilipoishia. Siku zote Kijiti ndiye huniandikia, lakini mpwa wako hasemi nami tangu Jumapili. Hiyo ndiyo habari yenyewe, nitaifikia. Kwenye simu nilijaribu, nikakata kabla hujapokea.

Kaka, wewe ndiye mkubwa wetu na neno lako ulishalitoa. Sina Haraka, mashua aliyotuachia baba, ikiingia kwenye tatu za kwanza mwaka huu, inabaki. Isipoingia, Mwenye Hoteli aje na lori lake aichukue, aisimamishe mlangoni kwake, aijaze udongo apande maua. Sikukulaumu. Mashua ya mbao ni kama mzee, haikosi kinachouma. Na mimi mwenyewe nilikuwa nusu huku nusu kule. Nahodha sasa ni mwanangu wa kumzaa, na kila akipandisha tanga, mimi nahesabu mawingu. Ziko siku niliomba chinichini mashua ishindwe, iende ikaoteshe maua, nami nipumue.

Mashindano yenyewe siyo yale uliyoyaacha. Mwenyekiti wa kamati, yule mwalimu mstaafu anayetembea na filimbi shingoni hata sokoni, alitukusanya kwenye banda la gati akatusomea kanuni mpaka watu wakaanza kupiga miayo. Mashua iwe ya mbao, imeundwa kwa mkono, na mkuku wake, ule uti wa mgongo wa mashua, uwe ule ule wa kwanza. Tanga liwe la pamba, siyo haya ya plastiki yanayong'aa kama karatasi ya peremende. Injini hapana, hata ya kuficha. Kongwe na nzito zinaondoka kwanza, nyepesi zinafuata, ili kila mtu awe na tumaini. Itakayorudi gatini mbele ya wenzake ndiyo mshindi. Halafu, mashua ikishaandikishwa haiuzwi wala haibadilishwi mmiliki mpaka mashindano yafungwe. Hiyo waliiweka kwa ajili ya yule mjanja aliyemuuzia shemeji yake mashua katikati ya mbio, alipoona inaingiza maji. Tulicheka sana. Shemeji mtu hakucheka.

Fundi mkaguzi alizipitia zote. Alipofika kwa Sina Haraka aligonga mkuku kwa nyundo ya mti, akaweka sikio kama daktari, akagonga tena. Kijiti alikuwa anajiuma kucha. Yule bwana akainuka akajipangusa magoti, akasema, "Huyu bibi bado ana pumzi." Tukapita.

Mimi walinipa ubao wa vibati. Wakati wako ulikuwa mchezo tu, siku hizi ni sheria. Kila anayepanda mashua anatoa kibati chake cha shaba kwenye msumari, anakivaa shingoni. Akirudi nchi kavu anakitundika kwa mkono wake. Msumari ukiwa mtupu, maana yake yuko mtu majini. Honi ya kufunga ikilia na msumari bado mtupu, chombo cha uokozi kinatoka kumtafuta, na mashua yake inafutwa hata kama imeshinda. Na mashindano hayahesabiwi kufungwa mpaka kibati cha mwisho kirudi ubaoni. Ukali huo umetokana na mwaka ule walipomtafuta muuza nyavu kwenye mawimbi, kumbe yuko kwake anakoroma, na mwokoaji mmoja akavunjika mguu bure. Mwenyekiti alinichagua mbele ya watu wote. Eti ubao unataka mtu wa wasiwasi, na wa kunishinda mimi kwa wasiwasi hayupo. Wakapiga makofi. Nikaona ni sifa.

Kijiti alichukua kibati chako, Kaka. Namba saba, kile chenye alama ya jino lako, ulichokiuma mwaka wa dhoruba. Akaniambia, "Mama, hiki kina meno ya Mjomba. Nikilegea kitaning'ata." Akacheka. Mimi nilicheka kwa mdomo tu.

Walikwenda watatu: yeye kwenye usukani, mshona viatu wetu wa kona, na binti wa duka la dawa ambaye ana mikono kama ya mpakua mizigo. Sina Haraka iliondoka kwanza kuliko zote kwa uzee wake. Huyo muuza nyavu akaropoka gatini, "Leo Sina Haraka kapata haraka, mtaona maajabu!"

Asubuhi upepo ulikuwa wa adabu. Walipokaribia boya la mbali, ambalo lazima kila mashua ilizunguke ndipo irudi, mbingu ikabadilika rangi ikawa kama chini ya sufuria. Upepo ukaja kwa mkupuo. Niliona matanga yanalala, moja, jingine. Mashua nyepesi zikaanza kugeuza kabla ya boya, zikikimbilia nyumbani. Watu wakawa wanaruka gatini wamelowa, wanatundika vibati, na mimi nawagusa mmoja mmoja begani kama ninayehesabu vifaranga. Sina Haraka sikuiona. Ilikuwa nyuma ya miamba. Nilitazama ile misumari yetu mitatu mpaka nikaona kama inasogea.

Kaka, sikumbuki nilichoomba. Najua tu kwamba sikuomba tena ishindwe.

Halafu ikatokea. Tanga wamelipunguza mpaka limebaki kama leso, vile baba alivyokuwa anafanya, naye akichekwa kwamba anaogopa. Ilikuja polepole, inaingia kwenye shimo la maji, tunaipoteza, inatoka. Boya walikuwa wamelizunguka. Nyuma yao wawili watatu tu walikuwa wamethubutu. Iligusa gati kwanza, na watu wakapiga kelele hadi filimbi ya Mwenyekiti haikusikika.

Nilikimbia na goti langu hili. Mwanangu anatetemeka, midomo imebadilika rangi. Mshona viatu na binti wa duka la dawa walitundika vya kwao. Kijiti alikuwa anaelekea ubaoni, naona mpaka sasa mkono wake uko shingoni, nami nikamnyaka katikati ya njia. Nikamkumbatia, nikamburuta chumba cha kuhifadhia kamba, nikamvua shati, nikamzungushia blanketi langu, nikamtilia chai mdomoni. Alisema, "Mama, ngoja kidogo." Nikamwambia ngoja ya nini, unataka kichomi?

Tulitoka honi inalia. Nikageukia ubao nifunge kazi yangu. Msumari mmoja mtupu.

Nikapiga ukelele, "Mmoja hajarudi! Jamani, mmoja yuko majini!" Filimbi ikalia, chombo cha uokozi kikawashwa, wanaume watatu wakaingia mawimbini bila kuuliza. Mwenyekiti akaniuliza ni namba gani. Nikasogea nikasoma, maana kwa hofu nilikuwa nimeona utupu tu, sikuona namba. Nikasema, "Saba." Na hapo hapo kando yangu, ndani ya blanketi langu lililomziba mpaka masikio, kikombe mkononi, Kijiti akauliza, "Masikini, nani huyo hajarudi?"

Kibati kilikuwa kinaning'inia kifuani kwake.

Watu walicheka, wakaangua kicheko kweli. Kisha wakageukia ubao, maana kanuni wote wanaijua. Muuza nyavu akasema, "Mama, tundika tu, nani kaona?" Na ningeweza, Kaka, wengi wangeangalia pembeni. Lakini Mwenyekiti alinitazama akaniuliza mbele yao, "Ubao ni wako. Honi ilipolia, kibati kilikuwapo au hakikuwapo?" Nilitazama kule majini, nikawaona wale watoto wa watu wanapanda na kushuka, wanamtafuta mtu anayekunywa chai. Nikasema hakikuwapo.

Basi wakatufuta. Wa pili akawa wa kwanza. Mwenye Hoteli alinipa pole kwa mikono miwili, akasema maua atapanda mazuri. Mama Chai, anayeuza vikombe pale gatini, yeye hakuzunguka: "Ulikuwa unataka iuzwe siku nyingi. Sasa shukuru." Kijiti alisikia. Njiani akaniuliza neno moja tu, "Mama, ulifanya kusudi?" Nikaapa. Akanitazama, akaingia ndani. Tangu hapo anakula amenipa mgongo, na nyumba imekuwa kubwa kama kanisa lisilo na watu.

Leo asubuhi Mwenyekiti alikuja mlangoni kuchukua kibati ili afunge mashindano. Kijiti akakivua, akakiweka mezani mbele yangu. "Wewe ndiye wa ubao. Kitundike." Akatoka uani kusuuza tanga.

Nilikishika. Nikapapasa alama ya jino lako. Ndipo zile kanuni za kupigisha miayo zikanirudia moja moja. Mashua haiuzwi mpaka mashindano yafungwe. Mashindano hayafungwi mpaka kibati cha mwisho kirudi ubaoni.

Nikamwambia Mwenyekiti, "Kibati kimesafiri."

"Kimesafiri! Si hicho mkononi mwako?"

"Kinasafiri sasa hivi. Kinakwenda kwa mwenye meno."

Unamjua Mwenyekiti, mtu wa kanuni, hawezi kuruka hata koma. Akapanguza filimbi yake akasema, "Basi hayajafungwa. Nitamwambia Mwenye Hoteli asubiri na lori lake." Akaondoka, na nadhani mabega yalikuwa yanacheka. Mara nikaona Kijiti yuko mlangoni, mikono inachuruzika maji. Alinitupia kibonge cha uzi wa kushonea matanga, nifungie bahasha isije ikapasuka njiani.

Kwa hiyo kimo humu ndani, Kaka. Sikushindani, neno la mkubwa ni neno. Ukitaka mashua iuzwe, kanuni ni hiyo: njoo ukitundike kwa mkono wako. Nami sitafungua mdomo. Ila ukishafika, kabla hujagusa ubao, panda kwanza na mpwa wako mzunguke boya mara moja. Nitawasubiri gatini, na safari hii simkumbatii mtu mpaka apite ubaoni.

Nisalimie wifi, mwambie apunguze chumvi, nami nitajua kama hakupunguza. Wasalimie wanangu wote wawili, yule mkubwa na yule mbishi. Mshona viatu anakusalimu, anasema viatu ulivyomwachia bado anavyo. Kijiti hajaniagiza salamu, lakini uzi huo ni wake, uuchukue kuwa ndiyo salamu.

Mungu akulinde unapolala na unapoamka, aunyooshe mgongo wako, akufungulie njia ya kurudi. Kibati kiko kwako, na kanuni yetu unaijua. Mpaka siku utakapokitundika, tunakuhesabu uko majini.

Wako akupendaye,
Dada yako, mtunza ubao.